Dakika Nne za Kompyuta ya Taifa

Nianze kwa kusema kwamba nchi yetu haina tatizo lolote. Jambo hili limeandikwa kwenye katiba, ibara ya pili, na mimi ni karani wa serikali niliyekula kiapo, siwezi kwenda kinyume. Ninachotaka kueleza hapa ni kijambo kidogo cha kiufundi, ambacho hakikuwa tatizo, na ambacho Kamati yetu ilihangaika nacho siku tisa mpaka kikaisha, halafu kikarudi. Jina la nchi sitalitaja, kwa kuwa mwaka huu limebadilishwa mara mbili na sipendi kukosea. Langu mimi ni Abasi Abdala. Naomba msomaji alishike, maana kwetu herufi ya kwanza ya jina la mtu si jambo la mchezo.

Kwetu jambo haliwi kweli mpaka lionekane kwenye Skrini Kuu. Skrini hiyo imesimamishwa katika Uwanja wa Shukrani, na ni pana kuliko nyumba ya waziri. Sheria ikipitishwa bungeni ni maneno tu. Ikikaa kwenye Skrini kwa nusu dakika, imekuwa sheria. Hata kufa ni hivyo hivyo. Kuna mjane mtaani kwetu ambaye mumewe alizikwa mwaka juzi, jina halijapita kwenye Skrini, na kila Jumatatu mama wa watu anaitwa kueleza kwa nini mumewe haonekani kazini.

Kinachopeleka mambo kwenye Skrini ni Kompyuta ya Taifa. Ni laptopu moja, nyeusi, nene. Zipo laptopu nyingine nchini, ila hazijazinduliwa na Mtukufu Kiongozi, na kifaa kisichozinduliwa hakiruhusiwi kugusana na Skrini. Siku ya uzinduzi Mtukufu alikata utepe, akaifungua laptopu, akaifunga, tukapiga makofi. Kisha Mkaguzi Mkuu wa Picha, Bwana Sefania Kidawa, akabandika picha ya Mtukufu, kama inavyobandikwa kwenye kila mali ya serikali, kuanzia magari hadi ndoo za kudekia. Juu ya kifuniko tayari kulikuwa na nembo ya taifa. Chini hapakufaa, maana Mtukufu angelala kifudifudi. Ikabaki ubavuni, kwenye ule ukanda ambao watengenezaji waliujaza vitundu vidogo vidogo bila kutueleza ni vya kazi gani. Kwa kuwa nafasi ni nyembamba, ilichaguliwa picha ya tabasamu peke yake, kuanzia chini ya pua mpaka kidevuni. Iliziba vizuri sana. Ni plastiki nene, na gundi yake ni ya serikali.

*

Kila mwaka, Siku ya Shukrani, saa sita mchana, Mtukufu husamehe wafungwa thelathini na mmoja. Majina hupangwa kwa alfabeti. Kila jina hukaa peke yake kwenye Skrini kwa nusu dakika, na mtu akishaonekana ametoka. Sasa, kompyuta ikiwa peke yake inafanya kazi kutwa nzima bila wasiwasi. Skrini ikiwa peke yake inawaka mpaka macho yanauma. Ila zikiunganishwa, ikifika dakika ya nne, kompyuta inazima. Haitoi onyo wala haiombi radhi. Dakika nne ni majina manane. Wa tisa na kuendelea wanarudishwa seli na kuambiwa waje mwakani.

Hayo yametokea miaka mitatu mfululizo. Ndiyo maana kwenye magereza yetu mtu wa kuanzia A, B au D hamalizi mwaka. Yamejaa kina Rajabu, Salome na Yusto. Wazazi nao wameelewa. Ukienda kliniki ya watoto leo, muuguzi akiita "Amina!" wanasimama akina mama kumi na wanne.

Mwaka huu Waziri wa Mambo Yanayoonekana, Mheshimiwa Mwinyihatibu Lugoda, aliamua kwamba inatosha. Zikiwa zimebaki siku tisa, aliunda Kamati ya Kuchunguza Kuzima kwa Kompyuta ya Taifa. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja, mimi nikiwa karani. Baada ya kikao cha kwanza iligundulika kwamba hakuna mjumbe aliyewahi kufungua kompyuta, basi akatafutwa fundi. Akaletwa Bi Tunu Kisaka, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye alikuwa anatengeneza simu na laptopu kwenye kibanda karibu na stendi. Alipewa kiti nyuma ya mlango na kuambiwa aongee akiulizwa.

Wengine hawakujua, lakini mimi ndiye niliyepiga chapa ile orodha, nikajua. Jina la thelathini na moja lilikuwa Zahoro Kisaka. Ni mumewe. Alikuwa mwalimu wa jiografia, akafungwa kwa kuchora ramani ya nchi ubaoni kwa kipimo sahihi. Ramani rasmi inatuonyesha tukiwa wakubwa kuliko majirani zetu wote wakijumlishwa. Ya Mwalimu Zahoro ilitosha kwenye kona ya ubao, na bado pakabaki nafasi ya kuandika tarehe. Miaka mitatu jina lake limekuwemo kwenye msamaha, na miaka mitatu kompyuta imezima kabla haijamfikia.

Siku ya kwanza ya kazi, Bi Tunu alinifuata kwenye korido akiwa na karatasi. Ilikuwa ya daktari wa gereza. Kifua cha mwalimu kimeharibika, anakohoa damu, na daktari hakuona namna ya kumvusha masika nyingine mle ndani.

"Bwana Karani," alisema, "mimi sijaja hapa kwa ajili ya serikali. Nimekuja kwa ajili ya huyu. Mwaka huu asipoonekana, nitakuja kuonyeshwa kaburi. Umenielewa, kaka yangu?"

Nilimwambia ninamwelewa na kwamba suala lake liko kwenye mchakato. Ndivyo tulivyofundishwa kujibu.

*

Majaribio yalifanyika uwanjani, Skrini Kuu ikiwa imefunikwa shuka kubwa, ili mtu asije akasamehewa kwa bahati mbaya. Siku ya kwanza kompyuta iliunganishwa, ikawaka dakika nne, ikazima. Mheshimiwa Lugoda aliinamisha kichwa, akafikiri kwa muda unaolingana na cheo chake.

"Kompyuta peke yake ni nzima. Skrini peke yake ni nzima," alisema. "Wakikutana wanaharibikiwa. Ndugu wajumbe, mimi nimeoa mara tatu. Hii hali ninaijua. Hawa hawaelewani."

Ikaundwa Kamati Ndogo ya Usuluhishi. Kwa siku mbili nzima kompyuta iliwekwa mezani kuielekea Skrini, na wazee wanne wa busara wakazungumza na kila upande. Kompyuta ilihimizwa ivumilie. Skrini ilikumbushwa kwamba ukubwa wa mwili si sababu ya kumkandamiza mwenzio. Jioni ya siku ya pili zikaunganishwa. Dakika nne, ikazima. Bi Tunu alikuwa amekaa nyuma ya wajumbe wote akiuma kona ya mtandio wake.

Siku ya nne ukashukiwa waya. Ulikuwa umetoka nje ya nchi, na haikufahamika ulipitia wapi. Maofisa wawili waliuchukua, wakaurudisha kesho yake ukiwa umekatwa vipande vinne na taarifa ya kwamba ndani hakukukutwa mtu. Ukaletwa waya mwingine. Dakika nne, ikazima.

Siku ya tano mjumbe mmoja alitoa wazo lililopigiwa makofi. Alisema huenda mashine ina uzalendo wake, na kwenye orodha kuna jina isiloweza kulimeza. Litafutwe kwa kuondoa jina moja moja. Basi likafutwa la kwanza. Kompyuta ikawaka, ikaonyesha majina manane, ikazima. Likafutwa la pili, ikaonyesha manane, ikazima. Kufika adhuhuri tulikuwa tumefuta majina kumi na mawili, kila jina lililofutwa likiandikiwa barua ya kuchunguzwa upya. Ndipo Bi Tunu aliposimama bila kuulizwa.

"Jamani, hayo ni majina ya watu!" alisema. "Hamwoni? Kila mara ni manane. Ni muda. Mashine inapata moto."

Alikuja mezani, akanishika mkono mimi, karani, mbele ya wajumbe wote, akauweka ubavuni mwa kompyuta. Nilitoa mkono haraka. Tabasamu la Mtukufu lilikuwa linaunguza.

"Hapa ndipo inapotolea joto," alisema. "Ndani kuna feni. Ikiwa peke yake haifanyi kazi nzito, inastahimili. Ikibeba na hilo liskrini inachemka, haina pa kupumulia, inajizima isiungue. Mtoe hii plastiki tu. Ni kazi ya sekunde kumi."

Wajumbe walisogeza viti nyuma. Hata wale wazee wa usuluhishi waliangalia viatu vyao. Mheshimiwa Lugoda alivua miwani.

"Bi mkubwa," alisema polepole, "unaiambia Kamati hii kwamba tabasamu la Mtukufu Kiongozi linaziba watu pumzi?"

Bwana Kidawa, Mkaguzi Mkuu wa Picha, alikuwa ameshatoa daftari lake. Bi Tunu alimtazama, akanitazama mimi. Nadhani aliona nilivyoogopa.

"Nasema ni joto, Mheshimiwa," alijibu. "Joto la hali ya hewa."

Niliagizwa kuchana ukurasa ule wa kumbukumbu za kikao, nikauchana. Majina yale kumi na mawili yalirudishwa kwenye orodha, kwa kuwa Mtukufu alishatangaza idadi na haibadiliki.

*

Kilichofuata ni siku tatu za mwanamke yule kupambana na joto bila kuligusa lilipo. Aliiinua kompyuta juu ya vifuniko vinne vya soda, zikapatikana dakika tano. Akaweka kitambaa cha maji chini yake, zikawa sita. Akaja na kipepeo cha ukili, kile cha kupepea jiko, akaanza kuupepea ule ubavu. Bwana Kidawa akamzuia. Mtukufu hupepewa na mtu aliyepiga magoti, alisema, ni utaratibu. Bi Tunu akapiga magoti.

Alipepea kwa mkono wa kulia, ukichoka akahamia wa kushoto. Saa nzima, kupumzika kidogo, saa nyingine. Magoti yalimchubuka kwenye saruji, akakunja kanga akayawekea. Nilikuwa nashika saa ya kuhesabia. Dakika nane. Dakika tisa na nusu. Jioni ya siku ya nane, akiwa amelowa jasho mpaka miwani inamteleza, tulifika dakika kumi na moja kamili, kompyuta ikazima.

Kamati ililipuka kwa furaha. Dakika kumi na moja ni majina ishirini na mawili! Mheshimiwa Lugoda alipanda juu ya kiti.

"Ndugu wajumbe, tumetoka manane tumefika ishirini na mawili! Ni asilimia sabini na moja! Nchi gani ya jirani inasamehe kwa asilimia sabini na moja?"

Tukaimba wimbo wa taifa, ubeti wa kwanza na wa tatu, maana wa pili umefutwa. Bi Tunu hakuimba. Alibaki amepiga magoti chini ya meza, kipepeo mapajani, anahesabu kwa vidole. Ishirini na tatu, ishirini na nne. Mpaka thelathini na moja.

Watu walipotawanyika alinikuta nakusanya makaratasi.

"Zimebaki dakika nne na nusu, Bwana Abasi. Siwezi kuzipata kwa kipepeo. Nimejaribu, huu mkono hausikii tena." Aliuinua akanionyesha, vidole vimekataa kukunjuka. "Wewe unakaa na Waziri. Mwambie. Wewe ni mwenyeji, utajua pa kuanzia. Mwambie tu akubali ibanduliwe asubuhi, ibandikwe tena jioni. Nani atajua?"

"Bi Tunu, subira..."

"Usinipe subira! Nimekuwa nayo miaka mitatu. Wewe ulishika hapo kwa mkono wako, ukaungua. Unajua kabisa."

Ni kweli nilijua. Kiganja changu kilikuwa bado na wekundu. Nilimwambia nitalifikisha suala lake kwenye ngazi husika, nikafunga faili, nikaenda nyumbani kula.

*

Siku ya Shukrani jua lilikuwa kali. Familia za wafungwa zilipangwa uwanjani kwa alfabeti, za A mbele chini ya turubai, za Z kule nyuma karibu na vyoo. Mtukufu alikaa kwenye kiti chake. Kompyuta ya Taifa ilikuwa mezani, meza imefunikwa kitambaa cha dhahabu mpaka chini, upande mmoja kikiwa kimeinuliwa kuuficha ubavu wa kompyuta, na ndani ya kitambaa, pembeni ya meza, alipiga magoti Bi Tunu na kipepeo chake, asionekane akachafua mandhari. Mimi nilisimama pale pale mezani, kazi yangu ni kubonyeza jina lifuate jina.

Saa sita kamili nikaanza. Familia za A zilitabasamu kistaarabu, wao wamezoea. Tulipopita jina la nane, waliokuwa wameanza kuondoka wakageuka. La tisa lilipotokea, mzee mmoja alikaa chini kwenye vumbi. Kumi na moja, kumi na mbili. Watu walianza kulia na kukumbatiana, maana yalikuwa majina ambayo hayajawahi kuonekana mahali popote isipokuwa kwenye vyeti vya kuzaliwa. Chini ya meza nilisikia kipepeo kikienda, shwa, shwa, shwa.

Jina la kumi na tisa, kipepeo kikanyamaza.

Nilidhani amezimia. Kisha nikasikia sauti nyingine. Msomaji aliyewahi kubandua kibandiko cha kwenye ndoo mpya anaijua, ni sauti kavu ya gundi inayoachia kidogo kidogo. Ilienda muda mrefu, kwa sababu gundi ni ya serikali na ukucha ni wa binadamu. Nilitakiwa kisheria kupiga kelele. Nikabonyeza jina la ishirini.

Mara feni ikavuma. Ilitoa pumzi ndefu ya joto iliyonipiga tumboni, halafu ikatulia, ikaendelea kuvuma taratibu. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Mheshimiwa Lugoda alitazama saa yake, akanitazama, akatazama tena saa. Ishirini na nane, ishirini na tisa. Huko nyuma kwenye vyoo watu walikuwa wamesimama juu ya viti.

ZAHORO KISAKA.

Lilikuwa kubwa kuliko nyumba ya waziri. Nilihesabu nusu dakika, na najua chini ya meza kuna mtu alikuwa anahesabu pia, kwa sauti, wala hajali nani anasikia. Ilipotimia, uwanja mzima ulipiga kelele ambayo haikuwa kwenye ratiba. Mtukufu aliuliza nani ameirekebisha mashine. Mheshimiwa Lugoda akasonga mbele kwa unyenyekevu, akainamisha shingo, akavishwa nishani.

Bi Tunu angeweza kuitupa ile plastiki. Hakuitupa. Bwana Kidawa alipofunua kitambaa cha meza alimkuta ameishika kwenye kiganja, tabasamu likiangalia juu kwa heshima, ukucha wa kidole gumba ukiwa umeng'oka na damu inatiririka kwenye kidevu cha Mtukufu.

*

Alishtakiwa kwa kumwondoa Kiongozi mahali pake, ambalo kwetu ni shitaka la mapinduzi. Kesi ilichukua asubuhi moja. Shahidi alihitajika mmoja tu, mtu aliyekuwa karibu na meza. Niliapa, nikasema nilisikia sauti ya kubandua. Ni kweli niliisikia. Hawakuniuliza niliposikia nilifanya nini, nami sikusema. Akapewa miaka kumi, akatazama chini, kisha akanitazama mimi, na kwa namna ambayo mpaka leo inanikosesha usingizi, hakuwa na hasira.

Kompyuta ya Taifa ilibandikwa tena siku ile ile. Na kwa kuwa ilikuwa imedhalilishwa, iliongezewa picha ya pili upande wa kulia, kwenye vitundu vilivyokuwa vimebaki. Sasa ikiunganishwa na Skrini inazima ndani ya dakika tatu. Majina sita. Kamati imelipokea hilo kama changamoto.

Mwalimu Zahoro ametoka. Kifua bado kinapiga filimbi, lakini damu imekata, anatembea. Kila asubuhi saa mbili anakuja kwenye dirisha la ofisi yangu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, kama mwalimu anayekwenda zamu.

"Shikamoo, Bwana Karani," anasema, ingawa ananizidi umri.

"Marahaba, mwalimu," najibu, kwa sababu cheo ni cheo.

"Mashine inaendeleaje?"

"Vizuri sana. Hakuna tatizo."

"Na yeye ni wa ngapi mwaka huu?"

"Wa ishirini na saba, mwalimu."

Anatikisa kichwa, anahesabu kimoyomoyo, anajua kufanya hesabu za vipimo. Halafu anakaa kwenye ngazi mpaka wakati wa kufunga. Juzi aliniachia kipepeo cha ukili juu ya dirisha. Sikukirudisha.

Siku ya Shukrani imebaki wiki tano. Kamati imeshapanga majukumu, na kwa kuwa fundi hayupo, imeamuliwa kwamba mwaka huu atakayepiga magoti chini ya meza kupepea ni karani. Nimekubali kwa maandishi. Tangu siku hiyo sijakata kucha ya kidole gumba cha kulia. Mke wangu ameuliza, nikamwambia nimesahau.

Nimeshapiga hesabu zote, mimi ni mtu wa ofisi. Wakinikamata watanifunga miaka kumi, kama yeye. Mwakani wataziba kila kitundu kitakachobaki, juu, chini na mbele, mpaka mashine iwe haikai hata dakika moja. Lakini jina langu ni Abasi Abdala, na huwa linahitaji nusu dakika tu.